Alama 14 Zinatosha

Kanuni mpya ya Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki (IPC) kuhusu kuainisha wanamichezo ilianza kutumika Januari 2025. Niliifungua nikitafuta neno moja tu, maumivu. Nilidhani baada ya miaka mitano ya malalamiko kuna mtu ameliangalia upya. Wapi! Maumivu yamebaki nje ya orodha ya ulemavu unaokubalika. Mchezaji wa kikapu wa viti vya magurudumu ambaye mguu wake haumbebi kwa sababu ya maumivu ya kudumu ataendelea kuambiwa kwamba hana ulemavu wa kutosha kucheza Paralimpiki. Nasema bila kuzunguka: uamuzi huo ni wa dhuluma, na unauma zaidi kwa kuwa umelazimishwa juu ya mchezo uliokwisha kupata njia yake ya kutenda haki.

Njia hiyo ni alama. Kila mchezaji wa kikapu cha viti vya magurudumu hupewa alama kuanzia 1.0 hadi 4.5, zikipanda kwa nusu nusu. Mwenye 1.0 hana nguvu za kiwiliwili; akiinama bila kushika kiti, hawezi kujiinua. Mwenye 3.0 huweza kuinama mbele hadi sakafuni akarudi wima bila kutumia mikono, lakini akiegemea upande anayumba. Mwenye 4.5 hugeuka, huinama na huegemea kila upande atakavyo. Kisha inakuja sheria yenyewe: katika mashindano ya kimataifa, jumla ya alama za wachezaji watano walio uwanjani isizidi 14. Kocha akikosea hesabu wakati wa kubadilisha wachezaji, anaadhibiwa.

Alama hizo hazitolewi kwa kusoma faili la hospitali peke yake. Zamani ilikuwa hivyo: daktari alimlaza mchezaji kitandani, akatafuta ni pingili gani ya uti wa mgongo iliyoumia, akaandika daraja. Wachezaji wawili wenye jeraha tofauti lakini uwezo uleule wakawekwa mbalimbali. Mjerumani Horst Strohkendl ndiye aliyepigania njia nyingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mchezo ukaipokea. Tangu hapo mwainishaji huketi kando ya uwanja akamtazama mtu akicheza: anasukumaje kiti, anasimamaje ghafla, akirukiwa na mpira juu ya kichwa anaudaka kwa mikono miwili au mkono mmoja umeng'ang'ania gurudumu. Swali likawa mwili huu unaweza nini ndani ya kiti. Sababu iliyomfikisha mtu kwenye kiti ikawekwa kando.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Tarehe 31 Januari 2020 IPC ilitangaza kwamba Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu wa Viti vya Magurudumu (IWBF) halikuwa limefuata kanuni ya kuainisha wanamichezo ya mwaka 2015. Ikatishia kuuondoa mchezo kwenye Paralimpiki ya Tokyo, na ikaufuta katika ratiba ya Paris 2024 hadi shirikisho lirekebishe mambo. Shirikisho likaanza kuwapitia upya wachezaji wa 4.0 na 4.5, na Agosti mwaka huohuo wachezaji tisa wakaambiwa hawastahili. Mchezo ulirudishwa katika ratiba ya Paris Septemba 2021, baada ya IWBF kukubali masharti.

Hoja za IPC zinafahamika. Inataka kanuni moja kwa michezo yote, ili mwogeleaji na mcheza kikapu wapimwe kwa mizani moja. Inahofia udanganyifu, na ina sababu ya kuhofia: huko Sydney mwaka 2000 Hispania ilitwaa dhahabu ya kikapu cha wenye ulemavu wa akili, kisha ikabainika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wowote, na medali ikarudishwa. Wapo pia wanaosema kwamba mwenye ulemavu mdogo anamnyang'anya nafasi mwenye ulemavu mkubwa. Hoja hii ya tatu ndiyo inayotajwa kila mara kama neno la mwisho, na ndiyo isiyosimama hata kidogo ukikaa chini ukaipigia hesabu.

Tuipige basi. Kocha ana alama 14. Akiweka wachezaji wawili wa 4.5, ametumia 9, amebakiwa na 5 za kugawana watu watatu. Anaweza kuwachukua wa 1.0, 1.5 na 2.5. Je, anaweza kuweka 4.5 watatu? Hao peke yao ni 13.5. Imebaki nusu alama kwa ajili ya watu wawili, na hakuna mchezaji duniani mwenye alama chini ya 1.0. Haiwezekani. Kwa hesabu hiyo tu, hakuna timu inayoweza kujaza uwanja watu wenye viwiliwili imara. Kila nyota wa 4.5 anayeingia anadai mtu wa alama ndogo aingie pamoja naye, la sivyo nyota mwenyewe atabaki benchi.

Ndiyo maana mchezaji wa 1.0 ni lulu katika mchezo huu. Abdi Jama, mzaliwa wa Burao huko Somalia aliyeichezea Uingereza kwa miaka mingi, ni wa 1.0. Mtu wa aina yake haitwi kikosini kwa huruma. Anaitwa kwa sababu kiti chake kinaziba njia ya mpinzani, na alama zake chache zinamfungulia kocha nafasi ya kumweka mfungaji mrefu. Katika michezo mingi ya walemavu, mwenye hali nzito huwa wa kwanza kuachwa timu inapotaka ushindi. Hapa timu inayotaka ushindi lazima imtafute, imlipe na imtunze.

Sasa mwondoe yule wa 4.5 ambaye ulemavu wake ni maumivu. Nani amefaidika? Alama zake 4.5 zinarudi kwa kocha, na kocha anazitumia kumleta 4.5 mwingine, labda aliyekatwa mguu chini ya goti. Mtu wa 1.0 yuko palepale alipokuwa jana, na alama zake ni zilezile. Hakuna dakika hata moja ya mchezo iliyomwendea. Kwa hiyo anayesema tisa wale waliondolewa ili kuwalinda wenye ulemavu mkubwa aonyeshe huo ulinzi, maana katika hesabu ya 14 haumo. Hata mwenye ulemavu mdogo hakuwahi kuingia bure. Amelipa kiingilio cha juu kuliko wote, karibu theluthi ya alama za timu nzima, kila alipokanyaga uwanja.

Mfumo wa alama unaweza kuwa wa dhuluma, nakubali. Ligi ya kulipwa ya Australia, NBL, iliwahi kumpa kila mchezaji alama 1 hadi 10 na kuiwekea klabu kikomo cha 70 kwa kikosi, ili matajiri wasibebe wachezaji wote. Lakini alama zile zilifuata kiwango cha mchezaji. Kijana aliyecheza vizuri msimu huu alipanda alama msimu ujao, na klabu iliyomlea ingeweza kushindwa kumbakiza kwa kukosa nafasi kwenye hesabu. Mtu anaadhibiwa kwa kufanya bidii. Mfumo huo uliachwa mwaka 2016, na nadhani ulistahili kuachwa. Mfumo wa kikapu cha viti vya magurudumu hauna kasoro hiyo. Mkanada Patrick Anderson, aliyekatwa miguu yote miwili baada ya kugongwa na dereva mlevi akiwa mtoto wa miaka tisa, ni wa 4.5. Wengi humtaja kuwa bora kuliko wote waliowahi kucheza. Kijana anayeanza leo, asiyejua hata kudunda mpira, akiwa na mwili kama wa Anderson atakuwa 4.5 vilevile. Kinachohesabiwa ni kile ambacho mazoezi hayawezi kukibadilisha, na ufundi mtu anabaki nao bila kutozwa.

Angalia pia klabu za Ujerumani. Katika ligi yao kuu wanaume na wanawake hucheza pamoja, kikomo ni 14.5, na mwanamke akiwa uwanjani hupunguziwa alama 1.5. Hata asiye na ulemavu wowote huruhusiwa kukaa kwenye kiti na kucheza, akihesabiwa 4.5. Mchezo haukuharibika, na wenye alama ndogo hawakufukuzwa.

Kisha mfikirie George Bates wa Uingereza. Aliumia akicheza soka akiwa na miaka 11 na akapata ugonjwa wa maumivu makali ya kudumu mguuni. Mwaka 2018 alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa dunia huko Hamburg. Miaka miwili baadaye akaambiwa hastahili, na akaeleza hadharani kwamba alilazimika kufikiria kukatwa mguu ili aendelee na mchezo wake. Hapa uvumilivu wangu umekwisha. Mguu uleule usiomwezesha kukimbia, ukiwepo unamtoa nje, ukikatwa unamrudisha ndani. Kanuni inayoweza kumfikisha mwanadamu kwenye swali hilo imekosea, na haijalishi imeandikwa kwa lugha safi kiasi gani wala imepigiwa kura na nchi ngapi. Aliyehofia wadanganyifu angeweza kumpima Bates kwa wiki nzima kama angetaka. Hakuna aliyesema anadanganya, wala aliyedai kwamba anaweza kukimbia. Walichosema ni kwamba sababu yake haimo kwenye orodha, yaani walirudi kulekule kitandani kwa daktari ambako Strohkendl aliutoa mchezo huu miaka 40 iliyopita.

IPC haihitaji kubomoa chochote ili kurekebisha hili. Iruhusu michezo ya timu yenye alama iweke sharti lake la kuingia: mtu awe na ulemavu wa kudumu wa miguu, uliothibitishwa na madaktari, unaomzuia kukimbia na kuruka. Akishaingia, mwainishaji ampe alama, na hesabu ya 14 imbane kama inavyowabana wenzake. Uingereza ilicheza fainali ya wanaume Paris 2024, ikafungwa na Marekani. Bates hakuwemo kikosini.