Ukipinga sema unapinga

Nimepotea kidogo, majaribio yalibana na baridi ya Songea nayo haipatani na mtu anayeandika usiku. Leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie.

Kuna kauli imezunguka hosteli wiki nzima: "Maaskofu waache siasa." Ilianza pale mtu aliposoma kwa sauti habari za maaskofu wa Marekani kumjibu mwanasiasa Mkatoliki kuhusu utoaji mimba, chumba kizima kikaitikia kama litania. Mimi naona kauli hiyo haina miguu. Na kwa kuwa wengi wetu tunasomea ualimu, naona ni aibu kuitikia bila kuuliza mwanasiasa mwenyewe alisema nini.

Basi alisema hivi. Jumapili ya tarehe 24 Agosti 2008 Nancy Pelosi, wakati huo Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, alikuwa kwenye kipindi cha televisheni cha Meet the Press. Akaulizwa uhai wa binadamu unaanza lini. Majibu yalikuwepo mengi. Angeweza kusema, hapa sikubaliani na Kanisa langu. Angeweza kusema, mimi ni mbunge sio padri, niulize bajeti. Lakini yeye alianza kwa kujitambulisha kuwa ni Mkatoliki wa dhati aliyelisoma suala hilo kwa muda mrefu, halafu akasema walimu wa Kanisa kwa karne zote wameshindwa kukubaliana. Akamtaja na Mtakatifu Augustino na miezi mitatu. Yaani kwa maneno mengine: Kanisa lenyewe halijui, mnanisumbua mimi kwa nini?

Haikupita wiki. Kadinali Justin Rigali wa Philadelphia na Askofu William Lori wa Bridgeport wakatoa tamko kwa niaba ya baraza la maaskofu. Askofu Mkuu Charles Chaput wa Denver naye akaandika, na Denver ndiko chama cha Pelosi kilikokuwa kinafungua mkutano wake mkuu siku zile zile. Wiki mbili baadaye, tarehe 7 Septemba, Joe Biden, mgombea wa umakamu wa rais na Mkatoliki pia, akakaa kwenye kiti kile kile cha Meet the Press. Akamleta Thoma wa Akwino na siku zake arobaini, akaongeza kwamba yeye kwa imani anakubali uhai unaanza mimba inapotungwa ila hawezi kuwalazimisha wengine. Rigali na Lori wakaandika tena.

Sasa twende kwa Augustino na Thoma maana hapo ndipo penye ujanja. Ni kweli walijadili roho inaingia lini mwilini. Thoma, aliyefariki 1274, alimfuata Aristotle: siku arobaini kwa mtoto wa kiume, na wa kike siku nyingi zaidi (dada zangu msininunie mimi, sikuwepo). Hakuna aliyekuwa na hadubini. Yai la mamalia halikuonekana kwa macho ya mtu yeyote mpaka 1827, Karl Ernst von Baer alipoliona. Kwa hiyo walikuwa wanakisia kwa sayansi waliyokuwa nayo. Lakini hao hao wawili, Augustino na Thoma, walifundisha kwamba kutoa mimba ni dhambi nzito, iwe mapema iwe baadaye. Kabla yao Didakhe, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, ilishakataza. Kilichopanda na kushuka ni adhabu: Papa Sixtus wa Tano aliikaza 1588, Gregori wa Kumi na Nne akailegeza 1591, Pius wa Tisa akafuta tofauti ya mimba changa na mimba kubwa 1869. Adhabu tu. Hakuna siku Kanisa lilisema ni ruksa.

Tuje nyumbani. Wanahistoria hawajawahi kukubaliana ni watu wangapi walikufa kwenye vita vya Majimaji. Wapo wanaosema 75,000, wapo wanaofika 300,000. Sasa aje mwanasiasa hapa mjini tarehe 27 Februari, wakati wa kumbukumbu, asimame mbele ya makumbusho pale Mahenge aseme: "Kwa kuwa wataalamu hawakubaliani idadi, basi hata kama Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 hatuna uhakika." Wazee wa Kingoni watamwacha? Watamnyang'anya kipaza sauti! Na wakimnyang'anya, kuna mtu atasema wazee waache siasa?

Maaskofu walifanya hicho tu. Ukisoma matamko yale, yanasema: hayo uliyoyasema kwa jina letu siyo tunayofundisha. Sisi tukienda mazoezi ya kufundisha tutafanya hivyo kila siku kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi ana haki ya kutokubaliana na kitabu, tena akikataa kwa hoja nitampenda. Lakini akiandika kwamba kitabu kimesema kitu ambacho hakikusema, nampa sifuri, na baba yake akiwa mkuu wa wilaya sifuri inabaki pale pale.

Biden kidogo alikuwa na hoja ngumu zaidi, nakiri. Ile ya "ni imani yangu, siwezi kumlazimisha asiye wa imani yangu." Hii imekaa vizuri mdomoni, hasa kwa sisi tunaolala chumba kimoja Wakatoliki, Waislamu na Walutheri. Maaskofu walimjibu kwamba mimba ni kiumbe hai cha binadamu, hilo linafundishwa darasa la biolojia na halihitaji ubatizo. Kinachobaki ni swali la haki: je, kila binadamu analindwa au wachague wakubwa? Unaweza kulijibu unavyotaka ila usiseme ni swali la sakramenti. Hata hapa kwetu, Kanuni ya Adhabu, ile Sura ya 16, inatoa hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na kifungu cha 230 kinamlinda daktari anayefanya upasuaji kuokoa maisha ya mama. Hayo hayakuandikwa na askofu. Yalitoka kwa Mwingereza, 1945.

Kenya nako kulikuwa na moto wake. Kura ya maoni ya katiba, tarehe 4 Agosti 2010. Kijani ndiyo, nyekundu hapana. Rais Kibaki, Mkatoliki, na Raila walikuwa kijani, maaskofu Katoliki wakiongozwa na Kadinali John Njue walikuwa nyekundu pamoja na makanisa mengine, na William Ruto pia. Ugomvi mkubwa wa makanisa ulikuwa ibara ya 26(4), ambayo inakataza kutoa mimba halafu inafungua milango: kama kuna dharura, kama maisha au afya ya mama iko hatarini, au kama sheria nyingine inaruhusu. Maaskofu walisema neno "afya" ni pana mno. Kijani wakajibu: ibara ndogo ya pili inasema uhai unaanza mimba inapotungwa, ya nne inasema kutoa mimba hairuhusiwi, mnataka nini tena? Theluthi mbili ya wapiga kura wakasema ndiyo. Juni 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba mimba ya kubakwa inaweza kutolewa mtaalamu wa afya akiona inahatarisha maisha au afya ya mama, na afya ikahesabiwa kuwa ya mwili, akili na ustawi wa kijamii pia. Neno lile lile. Unaweza kuifurahia hukumu ile, ilitokana na msichana aliyebakwa akiwa mdogo, akatolewa mimba kienyeji na akafariki 2018, na mtu asiyeumwa na habari hiyo sijui ameumbwa na nini. Lakini usiniambie tena kwamba maaskofu mwaka 2010 walikuwa wanaota ndoto.

Halafu kuna uongo mmoja haukosekani kwenye mabishano haya, nimeusikia na hapa chuoni: eti Kanisa linataka mama afe. Mama mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi, mrija unapasuka, anavuja damu ndani. Mafundisho ya Kanisa yanaruhusu kuondoa mrija ule ulioharibika, hata kama kila mtu anajua mimba haitapona. Mama mwenye saratani ya kizazi anaruhusiwa kutibiwa hata tiba ikimpoteza mtoto. Kinachokatazwa ni kumlenga mtoto mwenyewe kumuua. Mnaweza kusema tofauti hiyo ni nyembamba, sawa, tubishane juu ya wembamba wake. Lakini Peramiho ni hapo tu, hospitali ya Wabenediktini, nendeni mkaulize kama wodi ya wazazi imewekwa kwa ajili ya kuwaacha akina mama wafe.

Sasa mlioanza kunipigia makofi, shusheni mikono kidogo.

Maaskofu wakijibu, wajibu pande zote. Januari 2025 JD Vance, makamu wa rais wa Marekani, wa chama kingine kabisa na Mkatoliki pia, alitetea siasa za kufukuza wahamiaji kwa kutumia fundisho la zamani la Kanisa kuhusu mpangilio wa upendo: kwanza familia, halafu jirani, halafu nchi, wengine baadaye. Tarehe 10 Februari Papa Fransisko akawaandikia maaskofu wa Marekani, akalinyoosha fundisho hilo kwa Msamaria Mwema. Hapo sikusikia hosteli ikisema Papa aache siasa. Mlishangilia! Kwi kwi kwi. Kumbe shida yenu sio askofu kusema, shida ni nani anasemwa.

Na kwetu Tanzania? Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu shule kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017 Rais Magufuli alisema mkoani Pwani kwamba katika utawala wake hakuna mwenye mimba atakayerudi shule. Hakusema ni fundisho la Kanisa. Lakini nilikuwa sekondari wakati ule, na nakumbuka watu wazima waliotoka misani wakilisema hilo kama vile ni amri ya sita. Shuleni kwetu tulipangwa foleni wasichana na vikopo vya mkojo. Wavulana walikuwa wanacheza mpira. Mmoja wetu hakusubiri siku ya vikopo, akaenda kwa mama mmoja mtaani. Alirudi darasani baada ya wiki mbili, kimya, na hakumaliza mwaka.

Nani alimtoa mimba yule? Papa Yohane Paulo wa Pili, kwenye Injili ya Uhai ya 1995, hakumtaja mwanamke peke yake. Amemtaja baba wa mtoto, familia na marafiki wanaomsukuma, madaktari, na watunga sheria. Kwa hiyo mwanasiasa anayesimama jukwaani kusema anapinga utoaji mimba kama Kanisa, huku anaunga mkono msichana afukuzwe tumbo likionekana, naye anasoma nusu ya ukurasa. Nataka askofu amrukie kwa kasi ile ile aliyorukiwa Pelosi. Serikali ilibadilisha msimamo Novemba 2021, wanafunzi waliojifungua wakaruhusiwa kurudi. Ilichukua miaka mingi mno kwa nchi inayosema inapenda watoto.

Nimalizie na la mtaani, maana na lenyewe ni kupotosha. Inasemwa kwamba aliyetoa mimba ametengwa na Kanisa moja kwa moja mpaka askofu mwenyewe amfungue. Tangu Novemba 2016 Fransisko aliwapa mapadri wote, moja kwa moja, ruhusa ya kuondolea dhambi hiyo. Sheria ya Kanisa inasema pia kwamba aliyekuwa hajafikisha miaka 18 hapatwi na ile adhabu ya kutengwa inayojiletea yenyewe. Na kwa mtu mzima, adhabu hiyo haimwangukii mama peke yake, inampata pia yule ambaye bila yeye tendo lisingefanyika. Kaka zangu mnaotuma hela kwa simu na kuandika "malizana nalo", mmesoma hapo? Kitubio kabla ya misa ya Jumamosi, foleni ni moja, na sijawahi kuona mkiwa mbele.