Kidonda Kwanza, Fomu Baadaye

Kijana aliyekatwa panga usiku anafikishwa hospitali kwa bodaboda, shati limelowa damu, na mapokezi anaulizwa: "PF3 iko wapi?" Watanzania wengi wanalijua swali hilo. PF3 ni fomu ya majeruhi inayotolewa na polisi; daktari huandika humo aina ya jeraha na ukubwa wake, kisha ikawa ushahidi mahakamani.

Fomu yenyewe haina kosa. Bila maelezo ya daktari, kesi nyingi za kujeruhi na za ubakaji zingeyumba. Kosa ni kuitanguliza karatasi na kumweka mtu nyuma. Mtu mzima ana damu lita tano hivi. Ukikatika mshipa mkubwa, dakika chache zinatosha kummaliza. Mwanamke aliyebakwa naye ana saa 72 tu za kuanza dawa za kujikinga na VVU, na kadiri anavyochelewa ndivyo kinga inavyopungua. Kumtoa huyo hospitali akasimulie yaliyomkuta mbele ya kaunta ya kituo cha polisi ni kumuumiza mara ya pili.

Daktari ana hofu yake, wala haifai kudharauliwa. Akitibu bila fomu, anaweza kuambiwa amemficha mhalifu.

Nigeria iliikata hofu hiyo kwa sheria ya mwaka 2017 kuhusu waliopigwa risasi. Hospitali yoyote, ya serikali au ya binafsi, inawajibika kumtibu majeruhi awe na kibali cha polisi au asiwe nacho, kisha iwaarifu polisi ndani ya saa mbili tangu ilipoanza kumtibu. Polisi hawakupoteza kitu: taarifa wanaipata, ila wanaipata mgonjwa akiwa tayari mikononi mwa daktari. Kenya nayo, katika ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako aliyefanyiwa ukatili humpata daktari, mshauri na polisi mahali pamoja.

Basi waganga wafawidhi na wakuu wa vituo vya polisi wakae pamoja. Fomu ziwekwe hospitali, askari ndiye aitwe, na mlinzi wa getini aambiwe wazi kuwa anayevuja damu haulizwi karatasi. Daktari naye aandike jeraha kwenye faili kwa makini, pamoja na tarehe na saa. PF3 itajazwa kutokana na faili hilo, hata kama ni kesho yake.