Mapaja yanayouma siku ya pili

Mwenzetu mmoja wa Lubunga alirudi kwenye biashara ya sombe baada ya miezi mitatu ya kulea mtoto nyumbani. Asubuhi ile alishuka ukingo wa mto mara nne, beseni kichwani, kupakia pirogi ya kuvuka kwenda soko kuu. Siku hiyo hakusikia kitu. Kesho yake, na zaidi kesho kutwa, mapaja yalimkaza hata kuketi kwenye kiti ilikuwa kazi. Akasema ni malaria, akanunua dawa njiani bila kupimwa damu. Nusu ya mtaji ikaishia hapo.

Homa hakuwa nayo. Tungemuuliza hilo mapema.

Ndani ya msuli kuna nyuzi nyembamba sana. Protini mbili, aktini na miosini, ndizo zinazovutana ili mguu usogee. Nyingine kazi yake ni kushikilia tu. Titini, kubwa kuliko protini zote za mwili, hunyooka na kurudi kama mpira. Desmini hufunga uzi kwa uzi jirani, kama kamba za porini zinavyofunga miti ya mitego ya Wagenia kule kwenye maporomoko.

Tukishuka na mzigo, paja huvuta huku likinyooshwa. Hapo ndipo vifungo hivyo hukatika kidogo kidogo. Kijana wa toleka hukanyaga pedali mchana kutwa, lakini msuli wake hujifupisha anaposukuma, kwa hiyo haumii namna ile, ingawa jasho lake linapita letu. Sisi wenyewe jambo hilo lilitushangaza.

Mwili hutengeneza palipokatika, na ukirudia mteremko ule baada ya wiki moja au mbili, maumivu huwa madogo. Ukiendelea kwa wiki nyingi, desmini huongezeka. Ila utengenezaji huo unataka chakula: maharage, samaki, mbinzo, siyo chikwanga peke yake. Na unataka kuanza polepole, hasa kwa aliyejifungua karibuni.

Ukiwa na homa, nenda upimwe kwanza. Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa baada ya kazi nzito, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana msuli umeharibika kupita kiasi na figo ziko hatarini.

Mwenzetu ameanza tena, nusu beseni, safari mbili. Mzigo uliobaki tunagawana.