Kabla Hamjalipa Arbuni: Barua Kuhusu Meli Mbili za Miami

Dallas, Texas

Kwa Mama, kwa kaka na shemeji wa Nairobi, kwa dada wa Bamburi, na kwa jamaa wengine wa nyumbani wanaoniuliza habari hizi hizi,

Nimeusoma ujumbe wote mliorushiana kwenye kundi la familia tangu lilipozuka wazo la kumtembeza Mama baharini, na naona mmeshagawanyika kambi mbili. Kaka na watoto wanaitaka Icon of the Seas ya Royal Caribbean, kwa kuwa video zake zimejaa simuni na mpwa wangu amegundua kwamba aliyeizindua ni Messi. Dada anaitaka MSC World America, na hoja yake ni kwamba MSC anaijua, makontena yake ameyaona yakitoka bandari ya Kilindini tangu akiwa mtoto wa shule. Mama, ambaye ndiye mwenye safari, sijaona mahali alipoulizwa.

Nianze na hoja ya dada, maana si ya kuchekwa. MSC ya makontena na MSC ya meli za starehe ni nyumba moja, mali ya ukoo wa Aponte, makao yake Geneva. Tena Kenya ilipokuwa ikilifufua shirika lake la meli kwa kushirikiana na MSC, mojawapo ya tija zilizotangazwa ilikuwa ajira za vijana wetu katika meli hizo za starehe. Basi msishangae mkisikia "mambo vipi" kutoka kwa anayewapangia sahani. Ila kontena halina haja ya bwawa la kuogelea, kwa hiyo tuzitazame meli zenyewe.

Zote mbili huanzia Miami, safari za usiku 7, hupita Karibea na kusimama katika kisiwa cha kampuni huko Bahamas. Icon ilijengwa Turku, Finland, na ilianza kubeba abiria tarehe 27 Januari 2024. World America ilijengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza Aprili 2025. Icon ina urefu wa mita 365, mwenzake mita 333. Kwa ujazo, Icon ni tani 248,663 na World America ni 216,638. Hapa ndipo kaka anapopiga kifua. Lakini tani hizo si uzito, ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya meli, kuanzia chumba cha injini hadi ukumbi wa maonyesho. Na nafasi haina maana mpaka ujue inagawanywa kwa watu wangapi.

Tugawanye. Ukihesabu watu wawili kwa kila chumba, Icon ina abiria 5,610, na kila mmoja anapata tani 44 na kitu. World America ina vyumba 2,614, yaani abiria 5,228 kwa hesabu hiyo hiyo, na kila mmoja anapata 41. Kaka ameshinda. Sasa vishusheni vile vitanda vya juu, watoto waingie, meli ijae kabisa. Icon inafika abiria 7,600, World America 6,762. Gawanyeni tena: 33 kwa 32, hakuna tofauti. Ule upana mnaoulipia kwenye Icon unaliwa na watoto wa watu wakati wa likizo.

Kwa hiyo mimi nasema chagueni tarehe kwanza, meli baadaye. Na katika jambo hili Wakenya tuna bahati ambayo sijaona mtu akiitaja. Likizo yetu ndefu ya shule huingia mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kwenda hadi Januari. Watoto wa Marekani wakati huo wako darasani, isipokuwa ile wiki ya Thanksgiving, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, na kisha kuanzia karibu na Krismasi. Katikati ya sikukuu hizo mbili pana majuma mawili au matatu ambapo meli hupumua na bei hushuka kuliko karibu msimu wowote wa mwaka. Tena msimu wa vimbunga vya Atlantiki, ambao kirasmi ni 1 Juni hadi 30 Novemba, unakuwa umekwisha. Kaka alipendekeza Agosti kwa sababu ya ruhusa ya kazini. Kaka, mwanzoni mwa Agosti watoto wengi wa huku bado wako likizo, na mwezi huo vimbunga ndivyo vinaanza kupamba moto. Omba ruhusa yako Desemba.

Habari za watoto nitazimaliza upesi, maana kwa upande wao Icon inashinda na sina la kubishana. Ina mabwawa 7, mitelezo 6 ya maji, uwanja wa barafu, na sehemu nzima iitwayo Surfside iliyotengenezwa kwa ajili ya familia zenye watoto wadogo. World America nayo si maskini. Ina mtelezo mkavu unaoporomoka sitaha 11, na bembea inayokurusha nje ya meli ukaning'inia juu ya bahari kama mita 50. Hiyo bembea hulipiwa kando. Shemeji, najua wewe utaipanda. Mimi sitakuwepo kuangalia.

Sasa Mama. Magoti ya Mama mnayajua. Meli ya mita 365, ukipewa chumba cha mwisho wa ukumbi na chakula kikawa upande wa pili, ni mwendo wa kutoka jasho, na meli ya mita 333 haina nafuu kubwa. Kinachosaidia ni kuchagua chumba chenyewe, msikubali kile cha bei ya chini kabisa ambacho kampuni ndiyo inayokupangia mahali. Kiwe katikati ya meli, karibu na lifti, kwenye sitaha za chini kidogo. Hapo mtikisiko ni mdogo kuliko ncha za meli au sitaha za juu. Na kiwe na roshani inayotazama bahari. Someni maelezo vizuri, kwa sababu meli zote mbili zina vyumba vyenye roshani inayotazama ndani, kwenye vichochoro vya meli yenyewe, mnakaa mkitazamana na majirani. Mama hakutoka Mombasa kuja kutazama madirisha ya watu.

Halafu kuna woga wake, ambao hausemi. Mama hajasahau ajali ya feri ya Mtongwe. Feri ile ilipinduka tarehe 29 Aprili 1994 ikaondoka na watu zaidi ya 270, na nyumba kadhaa za mtaani kwetu ziliguswa. Msimwambie "Mama, hizi ni meli za kisasa" mkaishia hapo, mwelezeni. Feri ile ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Kwenye meli hizi kila anayepanda na kushuka hupitisha kadi yake kwenye mashine, na meli haiondoki bila idadi kujulikana. Na baada ya Costa Concordia kugonga mwamba Italia, Januari 2012, wakafa watu 32 na baadhi ya abiria hawakuwa wamepata hata mazoezi ya dharura, sheria za kimataifa zilibadilishwa: siku hizi lazima abiria aoneshwe kituo chake cha kukusanyika kabla meli haijang'oa nanga au mara inapoondoka. Nendeni naye mkono kwa mkono mpaka kwenye kituo hicho. Akikiona kwa macho yake atalala.

Njia ya meli nayo ni hoja, na dada ameisahau ingawa ndiyo silaha yake kubwa. World America ikienda upande wa mashariki imekuwa ikitia nanga San Juan, Puerto Rico. Pale mlangoni mwa bandari ipo ngome ya Wahispania, El Morro, iliyoanza kujengwa 1539 na kupanuliwa sana mwishoni mwa karne ile. Fort Jesus yetu ilianza 1593. Wakati huo Ureno na Uhispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Felipe wa Pili, na ngome zote mbili zilichorwa na wahandisi kutoka Italia: Cairati kwa Mombasa, Antonelli kwa San Juan. Mama aliyekulia Mji wa Kale, aliyekuwa akipita chini ya kuta zile akienda chuoni, atazijua kuta za San Juan bila kuelezwa. Ratiba hubadilika kwa msimu, kwa hiyo isomeni ya tarehe yenu, pamoja na saa za kukaa bandarini.

Visiwa vya kampuni pia havifanani. CocoCay ya Royal Caribbean ni kelele na minara ya mitelezo, na bustani yake kubwa ya maji ina kiingilio chake. Ocean Cay ya MSC, ambayo zamani ilikuwa machimbo ya mchanga, ni ufuo, mnara wa taa na utulivu.

Nije kwenye pesa. Mnasikia dola kadhaa kwa kila mtu, mnaona ni nafuu. Bei ile ni mlango tu. Kuna ada za bandari na kodi, kama hazijajumlishwa. Kuna bakshishi ya wahudumu, ambayo hukatwa kila siku kwa kila kichwa. Mkichukulia dola 18, watu 8, usiku 7, ni dola 1,008, karibu shilingi 130,000 ambazo hakuna aliyezitaja kundini. Msifikirie kuzifuta, ndizo mshahara wa wale vijana. Kuna intaneti. Kuna matembezi ya bandarini. Kuna migahawa maalumu yenye bei zake, wakati chakula cha ukumbi mkuu na cha bufee mmeshakilipia. Mahali mtakapookoa ni kwenye vifurushi vya vinywaji, ambavyo ndivyo hula pesa za Wamarekani. Sisi hatuhitaji. Maji, chai na kahawa ya kawaida vipo bila malipo. Chai yenyewe ni maji ya moto na kifuko, kwa hiyo Mama aje na iliki na tangawizi yake ya unga.

Kwa jumla Icon huuzwa ghali zaidi, na MSC mara nyingi hutoa ofa ambazo watoto wanaolala chumba kimoja na wazazi hulipa ada za bandari tu. Kwa familia yenye watoto watatu hilo si jambo dogo. Bima ya safari iwe ya lazima, hasa kwa Mama mwenye presha. Zahanati ya meli ni nzuri, lakini hulipwa kwa dola na bili hailali. Dawa zake zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu masanduku huletwa vyumbani baadaye.

Chakula cha halali kiombwe mapema kwa maandishi, wakati wa kuweka nafasi, kisha mhakikishe tena siku ya kwanza na msimamizi wa ukumbi. Msipofanya hivyo samaki na mboga zipo tele, lakini nyama iacheni. Kibla kitafuteni kwa simu kila wakati wa sala, maana meli hugeuka na ukuta wa asubuhi sio wa jioni.

La mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Viza ya Marekani, maombi ni dola 185 kwa kila mtu, na hazirudi hata ukinyimwa. Hakikisheni itakayotolewa inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana meli inatoka Marekani, inapita nchi nyingine, inarudi Marekani. Kuna jirani yangu hapa, mtu wa Kisumu, aliwalipia wazazi wake nauli ya meli yenye arbuni isiyorudishwa kwa kuwa ilikuwa rahisi. Viza ikakwama. Arbuni ikaenda. Lipeni ile inayorudishwa, hata kama bei inapanda kidogo, na mfike Miami siku moja kabla. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi inaishia New York, kutoka hapo ni kuunganisha, na meli haimngojei mtu aliyechelewa kwa sababu ya ndege.

Uamuzi wangu mmeshauona unakokwenda. Ingekuwa safari ya watoto, ningesema Icon, tukope. Lakini ni safari ya Mama: World America, njia ya mashariki, wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba, vyumba vitatu vilivyofuatana katikati ya meli. Chumba cha Mama nitalipa mimi. Vingine tugawane, na msiniambie habari za dola, huku hatuziokoti barabarani.

Kaka, nitumie picha ya ukurasa wa kwanza wa kila pasipoti, nione ipi inakaribia kuisha muda. Dada, nenda kwa Mama kesho, kaa naye, umuulize kama anataka kwenda. Akisema hapana, tuache.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Dallas