Maji Hufuata Mkondo

Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na wakazi wa bonde la Mto Msimbazi waliathirika sana. Wako waliosema mto umewavamia. Picha zinazopigwa kutoka ndegeni hutufunza vingine.

Wataalamu huchukua picha za sehemu moja zilizopigwa miaka mbalimbali, wakazilinganisha kwa kutumia vitu visivyohama, kama vile makutano ya barabara, kisha wakachora kingo za mto za kila mwaka. Hapo huonekana jinsi maji yanavyokula ukingo wa nje wa kona na kurundika mchanga upande wa ndani. Hata mkondo wa kale uliokauka huonekana, umejipinda mfano wa mwezi mwandamo. Ila picha ya masika hailinganishwi na ya kiangazi, kwani maji yakijaa mto huonekana mpana ingawa kingo hazikusogea.

Basi, kabla hujanunua kiwanja bondeni kwa unafuu wa bei, waulize wapima ardhi na wazee wa mtaa mto ulipita wapi. Ardhi kuwa kavu leo si hati ya kuimiliki.