Shahamu, Mishipa ya Damu na Maradhi ya Kusahau

Katika vitabu vya biolojia vya sekondari, moyo na mishipa ya damu huwa na sura yao, nao ubongo una sura yake. Mpango huo humrahisishia mwalimu kazi, lakini humficha mwanafunzi jambo kubwa. Ubongo wa mtu mzima ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, nao hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Mishipa ya kiungo chenye ulafi wa namna hiyo ikidhurika, chenyewe hakisalimiki.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza madoa aliyoyaona kwa hadubini katika ubongo wa mwanamke aliyekuwa amepotewa na kumbukumbu. Baadaye ilibainika kwamba kiini cha madoa hayo ni protini iitwayo amiloidi-beta. Protini hiyo hutengenezwa katika ubongo wa kila mtu. Balaa ni inaporundikana. Sehemu yake huondolewa kwa kupitia katika kuta za mishipa ya damu. Kwa hiyo mshipa huo huo uletao chakula ndio unaosaidia kutoa taka.

Wataalamu waliowalisha panya chakula chenye shahamu nyingi wameona kuta hizo zikiharibika na, katika majaribio kadhaa, amiloidi ikizidi. Naam, panya si mtu, na chakula cha maabara si pilau ya arusini. Hata hivyo, mwaka 2001 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani Weusi wa Indianapolis. Kila mwaka asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan walipatwa na maradhi haya, dhidi ya 2.52 kule Indianapolis. Shahamu peke yake haiwezi kutiwa hatiani kwa tofauti hiyo, kwani shinikizo la damu na kisukari navyo vimo. Lakini vyote hivyo hupita mlango mmoja, yaani mishipa.

Kwa sababu hiyo, jibu la “ni uzee tu” halifai kutolewa darasani. Sura hizo mbili zafaa zisomeshwe pamoja, na vifaa si ghali: ubongo wa mbuzi kutoka buchani huonyesha mishipa yake kwa macho matupu.