Fukusi wa Migomba

Ndugu mkulima wa Magwagwa, mgomba wako ukianguka na mkungu haujakomaa, usiulaumu upepo peke yake. Chimbua tunguu ulitazame. Ukiona njia nyeusi zilizotobolewa ndani, mwizi wako ni fukusi, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, atembeaye usiku na kujificha mchana. Jike hutaga mayai shinani. Funza wakitoka hula tunguu hata mizizi ikakosa nguvu.

Mdudu huyu ni nadra kuruka. Sisi wenyewe ndio tumchukuao. Jirani akupapo chipukizi kwa moyo mwema, huenda amekupa na mayai yake. Kwa hiyo, kabla ya kupanda, menya tunguu kwa kisu mpaka liwe jeupe, kisha ulitumbukize katika maji yachemkayo kwa nusu dakika. Lililotobolewa sana usilipande.

Penye migomba ya zamani, pasua vipande vya shina lililokwisha kuvunwa, uvilaze karibu na migomba, upande uliopasuliwa ukielekea chini. Fukusi hukusanyika hapo. Waokote asubuhi uwaue. Mwambie na jirani yako afanye vivyo hivyo, kwani fukusi hajui mpaka wa shamba.